Shati Lenye Dirisha

Tak. Tak.

Ni mlio mdogo wa vifungo vya chuma vya kubonyeza, vile vinavyowekwa kwenye nguo za watoto wachanga ili mama abadilishe nepi bila kumvua mtoto kila kitu. Juzi niliusikia ndani ya gari, nje ya geti la shule ya binti yangu Ngalula. Alikuwa ananieleza, kwa Kiingereza chake cha Johannesburg, kwamba leo wauguzi wanakuja kuchanja darasa lao na kwamba yeye haogopi. Huku anaongea alikuwa anafungua na kufunga kifungo cha koti lake, tak, tak, tak, kama mtu asiyeogopa hata kidogo.

Chanjo ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, wanayopewa wasichana, alishaipata akiwa madarasa ya chini. Hii ya safari hii ni ya kuongeza nguvu dhidi ya pepopunda na dondakoo, magonjwa ambayo yeye anayajua kwa majina tu, kama anavyoyajua majina ya wafalme wa zamani. Nilimbusu, akajifuta shavu kabla wenzake hawajaona, akaingia.

Nilitakiwa kuwasha gari niende kazini, kwenye chuo ninakopewa ofisi na kiti kwa sharti la kuonekana nina mawazo. Badala yake nilibaki pale, mkono wa kulia umelishika bega la kushoto, macho yametazama mbali. Mlinzi wa geti alikuja akagonga kioo. "Baba, ni moyo?" aliuliza kwa wasiwasi. Nikamwambia hapana, ni shati. Akanitazama kama mtu anayejiuliza kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi.

Ngoja nikueleze wewe, maana yeye sikumweleza.

Tulikuwa tunaishi Doornfontein, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa kabati la kuhifadhia mifagio. Nyumba yetu ilinuka mafuta ya cherehani na kitambaa kilichopigwa pasi ya moto. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa mbele ya dirisha la barabarani, na ilipokuwa inafanya kazi vikombe vyote kabatini vilitetemeka. Papa alikuwa mlinzi kwenye ghala la matairi. Tulikuwa tumetoka Lubumbashi nikiwa mdogo kiasi cha kusahau njia lakini si kiasi cha kusahau lugha. Kiswahili hiki unachokisoma si kile cha nyumbani. Hiki nilikiokota kwa majirani wa Tanga waliokaa ghorofa ya tatu, na chuo kikuu kikamalizia kukipiga pasi. Mama akinisikia nikikiongea mpaka leo huuliza kama redio imeachwa wazi.

Jina langu ni Ilunga. Nilipewa jina la mdogo wake mama, aliyefariki bado mtoto. Nilichoambiwa juu yake kilikuwa kifupi: alikufa na kidonda. Shuleni mwalimu wa kwanza alilikata jina langu kwa haraka zake likawa Lunga, ambalo kwa hapa ni jina la mtu wa hapa kabisa, na mimi sikuona sababu ya kumsahihisha. Kizulu nilikidaka mtaani kabla meno ya mbele hayajaota upya. Kwa hiyo nilikuwa Lunga, mtoto wa Johannesburg, na nilijiona nimeuvaa uenyeji vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Mahali hapo palikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto, kidogo chini ya kiwiko.

Kovu lenyewe lilikuwa dogo, duara, linang'aa kama tone la nta. Ni alama ya sindano ya kukinga kifua kikuu niliyochomwa nikiwa mchanga. Kwetu walikuwa wanaichoma hapo, chini. Watoto waliozaliwa hapa walichomwa juu, karibu na bega. Ni tofauti ambayo mimi nisingeiona maisha yangu yote kama Papa asingeileta nyumbani kutoka kazini, alikoambiwa na walinzi wenzake kwamba mtu akitaka kujua nani mgeni hana haja ya kuomba kuona kibali cha kuishi, anasema tu kunja shati tuone. Sijui ni wangapi walioulizwa hivyo kweli, na ni wangapi waliosikia tu. Papa hakusubiri kuhesabu. Siku hiyohiyo aliweka sheria: mtoto wake hakunji mikono ya shati mbele ya watu.

Sasa wewe fikiria Januari ya Johannesburg, jua limekaa juu ya uwanja wa shule kama pasi, wavulana wote wamevaa mikono mifupi, na mimi nimefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono kama karani wa benki. Mama alinishonea mashati hayo kwa mkono mrefu na kifungo cha ziada, nisije nikajisahau. Waliponiuliza nilisema nasikia baridi. Nilisikia baridi miaka mitano mfululizo.

Sheria za Papa, basi, zilikuwa za kuogopa watu. Sheria za Mama zilikuwa za ajabu zaidi, na hakuna aliyezieleza. Ya kwanza: marufuku kukenua meno. Kucheka ruksa, hata kwa sauti. Lakini kuuma meno kwa nguvu na kuvuta midomo pembeni, ule uso ambao kila mtoto hujifanya mbele ya kioo, huo ulikuletea kofi kabla hujaumaliza. Ya pili: kila nilipojikwaruza, iwe kwa bati, msumari au mwiba, Mama aliosha kidonda kwa maji ya chumvi mpaka nikaona nyota, halafu akanishika kidevu na kusema, "Fungula kinywa." Nafungua. Anachungulia. "Funga." Nafunga. "Fungula tena." Niliamini anatafuta sukari. Sikukosea sana, maana mara nyingi sukari ilikuwemo. Kwa hiyo kila nilipoumia nilikimbilia kwanza bombani kusukutua, ndipo nikaenda kumwonyesha damu.

Nilikuwa nimefikisha miaka kumi na miwili mwalimu alipotangaza kwamba wauguzi watakuja shuleni kutuchoma sindano ya pepopunda na dondakoo, na kwamba wazazi waseme kama wanakubali. Wenzangu walipiga kelele za woga. Mimi woga wangu haukuwa wa sindano. Niliwaza jambo moja tu: kukunja shati, mbele ya darasa zima.

Nyumbani Papa alikataa kabla sijamaliza sentensi. Alikuwa amevaa nusu ya sare yake ya kazi, suruali na fulana, anakula ugali wake, ule tunaouita bukari, kabla ya zamu.

"Hapana," alisema. "Atakunja mukono, batoto batamuona, kesho jengo yote inajua. Mutoto iko na nguvu. Pepopunda gani?"

Cherehani ilisimama. Vikombe vikatulia kabatini. Mama hakugeuka.

"Atachomwa," alisema.

"Ngalula," Papa alimwita Mama kwa jina lake, "miye nakuambia juu ya batu."

"Na miye nakuambia atachomwa."

Mama hakuwa mwanamke wa kubishana. Kwa kawaida alikuwa anamwachia Papa ashinde, halafu anafanya alilotaka taratibu, na Papa alilifurahia hilo kama mtu mwenye msimamo. Siku ile hakumwachia ashinde. Papa alitafuna, akameza, akatazama mgongo wa mkewe, kisha akafanya jambo ambalo mimi nilidhani ni unyonge. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tutafanya namna gani?"

Mama akageuka. "Leta shemizi yake."

Nilileta shati. Akaligeuza nje ndani, akapima kwa vidole kutoka begani, akaweka alama kwa kipande cha sabuni. Halafu akachukua mkasi na kutoboa shimo la mraba kwenye mkono wa kushoto wa shati jeupe la shule ambalo halikuwa na kosa lolote. Nilipiga ukelele. Aliendelea. Alilikunja pindo kwa mshono mwembamba, akakata kifuniko kutoka kwenye kitambaa kilekile, akakishikiza juu ya shimo, na chini akatia vifungo viwili vya kubonyeza alivyovichomoa kwenye nguo ya mtoto wa mteja, ambaye naamini alipelekwa ubatizo akiwa amefungwa kwa pini. Ukikibonyeza kifuniko, tak, tak, shati lilikuwa shati. Ukikifungua, mraba wa ngozi yangu ulichungulia juu, karibu na bega, na kuanzia hapo kwenda chini kila kitu kimefunikwa, kiwiko, kovu, mpaka kwenye vifungo vya kifundoni.

Papa aliacha bukari. Alikuja akalizunguka shati kama mtu anayekagua gari la mkopo. Halafu akataka majaribio. Nikavaa. Papa akawa muuguzi, kalamu ya wino mkononi, kofia ya ulinzi kichwani kwa ajili ya heshima.

"Kuya, mutoto," alisema kwa sauti nyembamba ya kike. "Kunja mukono."

Tak, tak. Nikafungua. Papa akanichoma na kalamu, akaacha nukta ya bluu kwenye bega langu.

"Na kama anataka mukono wa kuume?" alimuuliza Mama, ghafla amerudia sauti yake.

"Wa kuume haina alama. Akunje yote, mpaka shingoni."

Papa alilifikiria hilo. Kisha akacheka kicheko ambacho sikukisikia mara nyingi kwake, akaenda kazini na tone la mchuzi kwenye fulana.

Siku ya sindano ukumbi wa shule ulinuka nta ya sakafu na spiriti. Tulipangwa mstari. Mbele yangu alikuwa Sizwe, niliyekaa naye dawati moja, mvulana ambaye hakuwahi kujua jambo bila kujua kupita kiasi. Nayatia maneno yake kwenye Kiswahili, ingawa yeye alikuwa na Kizulu chake kilichojaa Kiingereza.

"Eish, Lunga, sindano zenyewe ni za ng'ombe," alininong'oneza. "Binamu yangu alichomwa Soweto. Ilitokea upande wa pili."

"Binamu yako yuko wapi sasa?"

"Anacheza mpira. Lakini si kama zamani."

Sizwe alichomwa, akasema "sharp", yaani safi tu, kwa sauti iliyopasuka, akaenda kusimama ukutani. Zamu yangu ikafika. Muuguzi alikuwa mama mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na uchovu wa mtu aliyekwisha kuona mabega ya mkoa mzima.

"Kunja mkono, mwanangu."

Tak. Tak.

Alisimama na pamba hewani. Akavaa miwani. Akainama, akatazama ndani ya dirisha langu, akapitisha kidole kwenye pindo taratibu kama mtu anayesoma.

"Nani kashona hii?"

"Mama."

"Sista!" alimwita mwenzake wa meza ya pili, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Njoo uone! Mtoto amekuja na dirisha!"

Siri yangu yote ilikuwa imejengwa ili nisitazamwe. Sasa ukumbi mzima ulikuwa unanitazama. Lakini walitazama dirisha, na chini ya dirisha kitambaa kilikuwa kimefunga vizuri. Ubaridi wa pamba, mchomo, kwisha. "Mwambie mama yako," alisema muuguzi, "akiwashonea wote hivi mimi nitakuwa narudi nyumbani mapema." Nikafunga. Tak, tak. Nikageuka nikiwa mshindi. Akilini niliona uso wa Mama, niliona kofia ya Papa, niliona ukuta wa ukumbi ukianza kuinama kwa adabu kubwa, halafu sikuona kitu.

Nilizimia. Sindano haikuniuma, na ugonjwa sikuwa nao. Ni furaha, na joto, na kutokunywa chai asubuhi. Daktari mmoja aliniambia baadaye kwamba vijana wa umri ule huanguka hivyo na ndiyo maana siku hizi wanakalishwa kidogo baada ya sindano. Nilipozinduka nilikuwa chali, nanusa nta ya sakafu, mwalimu ananipepea na daftari. Hewa ilikuwa inapita kwenye mikono yangu. Nilihisi hilo kwanza, hewa. Walinifungua shati mbele, na mikono yote miwili ya shati walikuwa wameipandisha mpaka juu ya viwiko, kama watu wema wanavyofanya.

Nilikuwa nimelala hapo, kovu langu linaangalia dari, na darasa zima limesimama duara kunizunguka.

Sizwe alichuchumaa. Akalitazama. Akaligusa kwa kidole.

"Ni hiki tu?" alisema.

Nilijaribu kuushusha mkono wa shati.

"Miaka yote hii, ni hiki tu?" Alikuwa amekasirika kweli. "Mimi nilisema ana mkono wa mbao! Niliwekeana dau na watu!"

"Mimi nilisema aliungua," alisema msichana mmoja.

"Wewe ulisema ana nywele za nyani."

"Mwanzoni. Baadaye nikasema aliungua."

Nilikusanya sauti yangu. Niliwaza: hapa ndipo Lunga anapokufia. "Sasa mmejua natoka Kongo," nilisema.

Waliangaliana. Halafu Sizwe akasema, kama anaongea na mtoto wa chekechea, "Mfana, mama yako anakuita dirishani kila siku. Ghorofa ya nne. Mtaa mzima unamsikia. Unadhani tunadhani ni Kizulu?"

Walicheka. Mimi pia, baada ya kuona hakuna kingine cha kufanya. Muuguzi aliniletea biskuti na chai ya sukari. Sizwe alikula biskuti kwa niaba yangu, alisema ni fidia ya dau. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Lunga tena. Waliniita Fasitela, yaani dirisha, na mpaka leo, nikipita Doornfontein, kuna mwanamume mwenye tumbo na karakana ya viatu anayenipigia kelele kwa jina hilo kutoka ng'ambo ya barabara. Sisemi kwamba kila mtu katika mji huu alikuwa kama Sizwe. Papa hakuogopa hewa, na miaka iliyofuata, wageni walipopigwa mitaani, ilimpa haki zaidi ya mara moja. Lakini nilipewa ukumbi ule, na watoto wale, na ninashukuru.

Jioni nilipanda ngazi taratibu. Nilikuwa nimetunga maelezo: kwamba shati lilifanya kazi, kwamba kosa ni la miguu. Papa alisikiliza mpaka mwisho, akaketi. "Bote bameona?" aliuliza. Wote. "Na bamesema nini?" Wamesema walijua. Papa alijifunika mdomo kwa kiganja. Nadhani alikuwa anajaribu kufikiria miaka mitano ya mikono mirefu, na nadhani alikuwa anajaribu kutocheka.

Mama hakuuliza nani ameona nini. Alikuwa amesimama, mita ya kupimia shingoni.

"Dawa iliingia?"

"Iliingia, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Akaja akanishika kidevu. "Fungula kinywa." Nikafungua, nikijuta kwamba sijasukutua ile chai. Alichungulia muda mrefu kuliko siku zote. "Funga." Halafu akaniachia, akarudi kwenye cherehani, na vikombe vikaanza kutetemeka. Hakuniambia tena nifungue kinywa. Nilijikata, nilijichoma, nilianguka kwenye bati la uzio nikashonwa nyuzi; maji ya chumvi yalikuwepo, lakini kidevu hakukishika. Niliona tu kwamba sukari imekuwa salama, nikashukuru, nikaendelea na ujana wangu.

Basi juzi, baada ya kazi, nilimchukua Ngalula shuleni nikampeleka kwa Mama, Kensington, anakoishi sasa kwenye nyumba ndogo nyuma ya duka la vitambaa. Ngalula ni wa jina lake, na wanaongea kila mmoja lugha yake, bibi Kiswahili, mjukuu Kiingereza, na hawahitaji mkalimani. Mtoto alikuwa na plasta begani na alitaka ushahidi. Akainua simu kujipiga picha, akauma meno, akavuta midomo pembeni mpaka masikioni, ule uso wa vijana wote kwenye picha zao.

Mama aliweka kikombe chini. Nilijikunja nikisubiri kofi, mimi mwanamume mzima mwenye mvi, na halikuwa hata la kwangu. Hakumpiga. Alisema, bila kuinua sauti, "Ilunga alikufa na ule uso."

Nilidhani ananiongelea mimi. Ilinichukua muda kumkumbuka mjomba niliyepewa jina lake.

Alikuwa mdogo wake wa karibu, alisema, wa miaka kumi na miwili. Alikanyaga msumari kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Kidonda chenyewe kilishaanza kupona. Halafu asubuhi moja hakuweza kula. Mama, msichana wa miaka michache zaidi, ndiye aliyepewa bakuli la uji na kijiko. "Nilimuambia fungula kinywa. Nikazani anacheza. Alikuwa kama anacheka, unaona, meno yote inje. Nikamukasirikia." Akatazama mikono yake. "Nikamuambia tena, fungula. Fungula, Ilunga."

Pepopunda hufunga taya. Nililijua hilo, nimesoma vitabu vingi, ningeweza kukuandikia insha. Sikuwa nimewahi kuliweka kwenye chumba kimoja na mama yangu.

Miaka yote hiyo nilidhani dirisha lilishonwa ili kunificha. Papa alidhani hivyo pia, na kwa ajili hiyo alikubali. Mama peke yake ndiye aliyelikata kwa ajili ya kuingiza kitu. Alinipa jina la mdogo wake, akanilea kuelekea umri wake, akanichungulia kinywani kila nilipotokwa damu, na mwaka nilipoufikia umri ule akachukua mkasi. Na lile kovu dogo chini ya kiwiko, ambalo nililifunga vifungo kwa miaka mitano, alilipangia foleni pia, Lubumbashi, nikiwa nimebebwa mgongoni. Sikuwahi kumuuliza foleni ilikuwa ndefu kiasi gani.

Kusema ndiyo kazi yangu. Lakini aliyejua la kufanya ni Ngalula. Sina hakika alielewa kila neno. Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi. Aliweka simu chini, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa ya bibi yake, akainua kidevu, akafungua kinywa wazi kabisa, aaa, kama mbele ya daktari.

Mama alivaa miwani. Alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, hakuwa na haraka.

"Funga," alisema. "Fungula tena."

Halafu akanigeukia mimi kwa ukali wote wa zamani.

"Huyu mutoto amekula sukari."